Nataka chensoo (msumeno wa injini) mpya ya shamba la korosho, muuzaji Mtwara mjini anasema zote orijino. Nakagua vipi?

MkoroshoMzee:
Habari za humu wakuu. Niko Tandahimba, nina shamba la marehemu mzee, mikorosho kama mia na ishirini hivi, ile ya zamani iliyopandwa imebanana mpaka matawi yameshikana, saa sita mchana chini kuna giza. Mwaka huu nimeamua, mavuno yakiisha napogolea, na ile iliyochoka kabisa nakata nibakize kisiki, ikichipua nibebeshe vikonyo vya mbegu nzuri kama wanavyofundisha watu wa utafiti wa kilimo, TARI Naliendele. Mwaka jana nilimkodi jamaa na mashine yake, kaja siku mbili, ya tatu haonekani, namtafuta namkuta kilabuni anakunywa uraka na mashine kaiweka rehani. Nikasema basi, nanunua yangu.

Juzi nimeshuka Mtwara mjini nikaingia duka moja hivi, jamaa ana tatu mezani. Mchina ile 5800 laki tatu na nusu, Stihl MS 250 laki tisa, Stihl MS 382 laki tisa na themanini. Nikamuuliza mbona hili kubwa limepishana elfu themanini tu na hili dogo, akacheka, "bosi hiyo bei ya msimu, wewe chukua". Zote anasema orijino hata hiyo ya Mchina eti ni orijino ya Mchina 😂

Sasa naomba kujua mambo matatu. Feki naijuaje, kwa kazi yangu nichukue ipi, na mafuta nachanganyaje maana jirani yangu anasema kifuniko kimoja cha oili kwa lita na mwingine anasema viwili. Hela ni ya korosho ndugu zangu, mnada ukilipa ndo hiyo hiyo, sina ya kujaribia.

fundi_mingoyo:
Mkuu karibu. Mi natengeneza hizi mashine na pampu za kupulizia salfa, nakaa hapa njiapanda ya Mingoyo. Bei hiyo peke yake imeshakujibu. MS 382 ni mashine ya 72cc ya watu wa magogo, haiwezi kukaa bei moja na MS 250 ambayo ni 45cc. Ukiona kaka mkubwa na mdogo wanauzwa sawa ujue mmojawapo sio wa familia hiyo. Na kopi nyingi zinazokuja kwangu ni za hizo kubwa kubwa maana watu wanapenda mwili.

Kukagua usianze na stika, stika inapigwa popote. Geuza mashine utafute namba kwenye bodi lenyewe la injini, Stihl inagongwa kwenye bodi hilohilo, tarakimu tisa, sio karatasi ya kubandika. Namba hiyo ilingane na ya kwenye makaratasi. Lakini na wenyewe wa kopi wanajua kugonga namba kwahiyo usiishie hapo, angalia plastiki, kopi ina kingo kali kama imekatwa na kisu, skrubu zina vichwa mchanganyiko, ukivuta kamba unasikia inakwaruza. Halafu usidanganyike na mtu anayekwambia "imeandikwa Brazil hiyo feki" au "imeandikwa China hiyo feki", Stihl wana viwanda Ujerumani, Marekani, Brazil na China pia, nchi haikupi jibu.

Kubwa kuliko yote mwambie AIWASHE. Hapohapo dukani, na petroli yako ikibidi uende nayo. Ikishawaka na kupata moto kidogo shika ncha ya baa (lile bapa refu linalozungukwa na cheni) juu ya boksi safi, sentimita kama kumi na tano hivi isiguse, piga resi. Kama pampu ya oili inafanya kazi utaona mstari wa matone unajichora kwenye boksi. Boksi likibaki kavu hiyo mashine itakula baa na cheni ndani ya wiki. Kisha sukuma ile ngao ya mbele ya mkono wakati cheni inazunguka, isimame palepale. Isiposimama rudisha mezani uage.

Kwa mikorosho yako chukua MS 250 na baa ya inchi 16 au 18. Ile 382 ina zaidi ya kilo sita kabla hujafunga baa wala cheni, unapogolea matawi kutwa nzima nayo jioni mikono inatetemeka hata ugali hushiki. Shina nene utakata upande huu kisha upande wa pili, hamna shida.

Mchina_halisi:
Mnapenda kutisha watu kwa majina. Mi natumia hiyo 5800 huku Masasi msimu wa tatu sasa, nimekata mikorosho, miembe na minazi miwili ya bibi. Nilichobadilisha ni plagi, kamba ya kuwashia mara mbili, na kabureta mara moja ambayo spea yake nimeipata sokoni palepale kwa bei ya kuku. Hiyo Stihl yenu ikifa kabureta porini utasubiri spea itoke Dar na basi, kazi imesimama. Ukweli ni kwamba laki tatu na nusu kwa mtu anayepogolea mara moja kwa mwaka inatosha sana. Ila ujue tu hiyo namba 5800 sio lazima iwe 58cc, ni jina, nyingi ziko chini ya hapo. Na kamwe usimruhusu kijana aipigishe makelele tupu, inachanika pistoni.

fundi_mingoyo:
@Mchina_halisi sikatai, ukimpata wa kuitunza inafika. Lakini wewe mwenyewe unajua kufungua kabureta, mleta mada hajui hata oili anachanganyaje. Mchina hasamehi makosa ya mwanafunzi. Hapa mezani kwangu sasa hivi ziko nne, tatu zimeungua silinda kwa petroli kavu isiyo na oili.

Kuhusu oili MkoroshoMzee, achana na vifuniko. Kifuniko cha chupa gani, ya maji au ya soda? Nenda duka la dawa nunua bomba la sindano la mililita 20, shilingi ngapi ile. Ukiwa na oili ya Stihl yenyewe ni moja kwa hamsini, yaani lita moja ya petroli unavuta bomba moja, mililita 20. Ukiwa na oili nyingine ya tustroku (ile ya kuchanganya na petroli), kwa Stihl weka moja kwa ishirini na tano, bomba mbili kwa lita. Mchina fuata karatasi lake. Changanya kwenye kidumu tofauti, tikisa, ndo umimine kwenye tangi, usichanganyie ndani ya mashine. Na usichanganye ya mwezi mzima, petroli inachacha hasa huku kwetu na hili joto. Oili ya injini ya pikipiki USIWEKE, wapo wanaoweka, ndo wateja wangu hao.

Ile tangi nyingine ni ya oili ya cheni. Kila ukijaza petroli jaza na hiyo, hata kama unaona imebaki.

Mama_Nachingwea:
Samahani nachangia kama mama tu, sio fundi. Kaka hujasema habari ya kujikinga hata mstari mmoja na hao mafundi wamekaa kimya. Mdogo wangu wa kiume alikuwa anapogolea na mashine mpya kabisa, siku ya pili tu, kagusisha ncha ya ile baa kwenye tawi la nyuma ambalo halioni, mashine ikamrukia usoni. Ilikata kofia na kipande cha nyusi, tukasema Alhamdulillah. Alikuwa amevaa ndala! Ndala na bukta. Hospitali walimshona huku wanamsema.

Nunua buti, miwani, na kofia ngumu ile yenye wavu hata ya mtumba. Usipande nayo juu ya mti wala ngazini, matawi ya juu tumia msumeno wa mkono. Na watoto wasisogee, wanafuata kuni, ukiangusha tawi wewe huwasikii kwa kelele ile. Mimi wa kwangu nawaambia mpaka sauti izime ndo waje na kamba zao.

Mchina_halisi:
Mama umenena. Hiyo ya ncha kuruka ni kweli kabisa, mi ilishanirukia bega nikiwa nimeshikilia mkono mmoja. Mikono miwili muda wote, na usikatie ile robo ya juu ya ncha.

kilwa_pwani:
Naongezea mawili. Kwanza kabla hujawasha mashine kijijini kwako pita kwa mwenyekiti na kwa afisa misitu wa wilaya, waulize habari ya kuiandikisha na kibali. Chensoo sio jembe, ukisikika inanguruma bila taarifa unaulizwa mti gani huo, hasa mkiwa karibu na msitu wa kijiji. Huku Kilwa kwenye mipingo yetu ndo usiseme. Kukata mkorosho wako shambani ni jambo moja, ukishapakia mbao au mkaa kwenye gari ni jambo lingine, ufike geti la maliasili huna hati ya kusafirishia, utalala hapo.

Pili, mkorosho wenyewe ni mti laini lakini unaua cheni. Sio kwa ugumu, kwa mchanga. Matawi yake yanalala chini, gome limejaa mchanga, na ukimaliza kukata baa inachimba ardhi. Gusa mchanga sekunde moja tu cheni imekuwa butu, ukiendelea unakata kwa kusukuma, unga unatoka kama wa sembe badala ya vipande vipande. Mi kabla ya kukata tawi lililolala naliinua na panda, ule mti wenye uma, nachomeka chini yake. Nunua na tupa ya duara mbili kabisa hapohapo dukani, muulize cheni ni ya ngapi, nyingi za MS 250 ni ya inchi .325, inataka tupa ya milimita 4.8. Tupa kubwa kuliko jino unaliharibu.

MkoroshoMzee:
Nimerudi wakuu, ahsanteni sana, mama Nachingwea shikamoo na pole kwa mdogo wako, buti nimenunua kabla ya mashine.

Nilirudi kwa yule wa kwanza. Nikamwambia niwashie hiyo kubwa. Akaniangalia, akasema "ikiwashwa imeuzwa". Nikamwambia basi niigeuze nione namba, nikaigeuza, namba ipo kweli lakini ipo kwenye stika, na stika imekaa upande. Nikaiweka chini taratibu nikamuaga vizuri, tutaonana mjini.

Nikaenda duka la pili, kijana mdogo tu kavaa jezi. Nilipotaja kuwashwa hakubisha, akaniambia subiri, akaburuta kipande cha gogo kutoka nyuma ya duka, akamimina petroli. Ilivutwa mara tatu ikawaka ya nne. Akatandika boksi la majani ya chai chini, akaielekezea baa, na kweli mstari ukajichora mweusi kama mtu kapiga rula, mpaka wapita njia wakasimama kuangalia. Ngao ikasukumwa, cheni ikasimama. Namba imegongwa kwenye bodi lenyewe, tarakimu tisa, nimezihesabu mara mbili na kidole. Nimechukua MS 250 ya inchi 18, imenizidi kidogo kwenye bajeti lakini nimepewa cheni ya akiba, na risiti ya EFD nimemwambia aandike modeli na namba ya mashine, akaandika. Na alinipa ushauri ambao hamkuniambia, eti tangi tatu za kwanza nisiipigishe resi ya mwisho ikiwa haikati kitu.

Mchina_halisi usinune, ile 5800 kijana alikuwa nayo pia na hakuisema vibaya, aliniuliza tu kama najua kutengeneza nikasema sijui.

Fundi swali la mwisho. Nimekata mikorosho sita leo, cheni ikalegea nikaikaza ikiwa ya moto. Kijana alisema jioni niilegeze tena, mbona sielewi?

fundi_mingoyo:
Kaelewa kijana wa watu. Cheni ikipata moto inarefuka, ndo ukaiona imelegea ukaikaza. Sasa ukiiacha hivyo usiku inapoa inajivuta, inakandamiza baa na kwenye shafti. Legeza mpaka uione imening'inia kidogo chini ya baa, asubuhi kaza ikiwa ya baridi mpaka iguse baa kwa chini lakini ukiivuta kwa mkono inazunguka. Vaa glavu ukiwa unaivuta. Na cheni mpya italegea sana siku hizi mbili tatu, usishtuke ukafikiri umeuziwa feki.