Naomba ushauri: tuandamane tena au twende kortini?

Hamjambo ndugu zangu. Mtaani kwetu Mombasa kiwanda kinamwaga maji meusi mtaroni usiku, na mabati yetu yameliwa na kutu mpaka unayatoboa kwa kidole. Tumeandamana mara mbili, tumepeleka barua kwa ofisi husika, kimya. Sasa wale vijana waliokuwa mstari wa mbele wameahidiwa vibarua humo humo kiwandani, wanarudi nyuma. Siwalaumu, wana watoto.

Wenzetu wa Owino Uhuru, mtaa mwingine hapa hapa Mombasa, walianza vivi hivi na mwanaharakati wa mazingira Phyllis Omido: kiwanda cha kuyeyusha betri kikafungwa 2014, na mwaka 2020 mahakama ikawapa fidia ya shilingi bilioni 1.3.

Je, tuendelee barabarani au tufungue kesi? Na tuanze kupima sumu kwenye nini, maji au damu ya watoto?