Marehemu wa miaka miwili kapandishwa meli kwenda Marekani, nimeuliza nikajibiwa kidole gumba!

Karani_wa_Koo:
Wakuu, leo mniache nitoe povu. Yule bingwa wa kunakili miti ya ukoo mnamjua, wa "majina elfu arobaini", ushahidi sifuri. Kachukua ubatizo wa 1826 wa parokia moja ya Perthshire, Uskoti, kaubandika kwa John McDonald aliyefika Marekani 1854. Mtoto huyo KAZIKWA 1828! Kitabu cha parokia ileile. Nikamwekea picha ya ukurasa, kwa adabu zote. Jibu: kidole gumba. Halafu kanifungia.

Yaani kitoto kilichozikwa kimeshuka New York na sanduku, kikafika Ohio, kikaoa, kikazaa tisa.

Na jibu lilikuwa palepale. Desturi ya Waskoti, kifungua mimba wa kiume anapewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, wa tatu la baba mwenyewe. Mwenye jina la babu akifa, analirithi atakayezaliwa baadaye. Funua mbele hadi 1830: baba yuleyule, mama yuleyule (kaandikwa kwa jina la kwao, Waskoti hawakulifuta kwa ndoa), John mwingine. Sensa ya Marekani ya 1900 ina safu ya mwezi na mwaka wa kuzaliwa, inasema Mei 1830. Yeye kaona "John", kaona "McDonald", kabonyeza. Sasa kila anayemnakili naye anazaa na marehemu.

Kidole gumba, wakuu!

MzeeRejista:
Kunywa maji kwanza mkuu. Shukuru hata umepata mazishi, parokia nyingi hazikuyaandika kabla ya 1855. Usajili wa serikali ulianza Januari 1 mwaka huo, na cheti cha kifo kinataja baba na mama wa marehemu. Wako kaondoka 1854, kaukosa kidogo tu. Tafuta ndugu yake aliyebaki akafia Uskoti, cheti chake ndicho kitakachokupa wazazi wao.

bintisensa:
Kitoto kimeoa 😂😂 mahari alilipa kwa maziwa?

Nahodha_Mstaafu:
Huyo ana afadhali. Kuna wale wa "jina letu lilibadilishwa Ellis Island", kile kituo cha kupokea wahamiaji New York. Ellis Island imefunguliwa 1892! 1854 hata Castle Garden, kituo kilichoitangulia, ilikuwa bado, ilianza mwaka uliofuata. Na orodha ya abiria iliandikwa na watu wa meli. Karani wa Ellis Island alikuwa na orodha mkononi, anahakiki.

Karani_wa_Koo:
Turudi kwenye mada. KIDOLE GUMBA.

Mswaki:
Mkuu, kidole kimekuingia jichoni au? Nyie hamjakutana na wauza vikombe vya "nembo ya ukoo". Uskoti nembo ni ya mtu mmoja, haiwi ya kila mwenye jina. Anayeitoa ni Lord Lyon, ofisa mkuu wa nembo wa Uskoti, Edinburgh, na ukijipachika ya mwenzio kule ni kosa kisheria.

mgeni_1906:
Samahani kuingilia. Karatasi za babu za uraia wa Marekani zinasema "Scotland" basi, kijiji hakuna. Nifanyeje?

MzeeRejista:
Kabla ya Septemba 1906 kila mahakama ilijaza ilivyopenda, hapo usipoteze nauli. Soma jiwe la kaburi na tangazo la kifo kwenye gazeti la mji, mara nyingine parokia imetajwa. Na ukitafuta jina, jaribu Mac, Mc, na M' yenye alama juu. Hiyo ya mwisho ndiyo inayowapoteza wengi.

Nahodha_Mstaafu:
Na sensa ya Uskoti ya 1841 usiamini umri. Kuanzia miaka 15 waliushusha hadi tano ya karibu, wa 29 kaandikwa 25.

bintisensa:
Basi 1841 ndiyo sensa yangu.

Karani_wa_Koo:
Jamani uzi wangu…

mgeni_1906:
Asante Mzee. Mswaki, hivyo vikombe ni bei gani?