Miche ya mdagu inaanguka baada ya kuota: nimekosea wapi?

Mkazi wa Dodoma
Wanajukwaa, salaam. Mwezi wa Julai nilipata mbegu 40 za mdagu, ule mti mfupi wenye shina nene ambao wengine huuita waridi la jangwani, nikazisia katika udongo mweusi uliochanganywa na samadi, nikawa namwagilia asubuhi na jioni. Zilichukua wiki tatu kuota, na zilizoota ni 11 tu. Sasa kila nikiamka nakuta mche mwingine umelala, shina lake limenyong'onyea likawa jembamba kama uzi pale linapogusa udongo. Je, mbegu zilikuwa mbovu?

Mwenye kitalu, Voi
Pole sana, ndugu yangu. Dalili hiyo ni ya kinyausi, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia miche michanga kwenye udongo uliolowa kupita kiasi. Huku kwetu mdagu hujiotea kwenye miamba na changarawe, mahali ambapo maji ya mvua hayatuami, na ndiyo maana mimi husia kwenye sehemu tatu za mchanga wa mto wenye chembe kubwa na sehemu moja ya samadi iliyooza na kuchekechwa. Mbegu yenyewe ni kama kijiti kifupi chenye kishungi cha manyoya kila ncha, manyoya yanayoiwezesha kupeperushwa na upepo. Ilaze chali, uifunike kwa mchanga mwembamba tu, basi.

Kuhusu zile wiki tatu, nadhani ni baridi ya usiku wa Julai. Mbegu mpya ikipata joto la nyuzi 27 hadi 30 huota ndani ya wiki moja hivi. Usie tena Oktoba, lakini kwa mbegu za msimu huu, kwa sababu zikikaa sana hupoteza uwezo wa kuota.

Mpenda maua, Tanga
Naafikiana na mwenzangu, ila naomba usiitupe miche iliyobaki. Iweke penye mwanga na hewa, na usimwagilie mpaka udongo wa juu ukauke. Pengine utashauriwa kutumia vipandikizi badala ya mbegu. Navyo hushika, lakini mara nyingi havitoi ule uvimbe mzuri wa shina ambao kwangu ndio uzuri wote wa mdagu. Wa mbegu huchukua mwaka mmoja hadi miwili kuchanua, na rangi ya maua yake huenda isifanane na ya mama yake. Utakapohamisha miche vaa glavu, na uwaweke watoto mbali, kwani utomvu wake ni sumu ambayo wawindaji waliipaka kwenye mishale.

Mkazi wa Dodoma
Nawashukuru sana. Imesimama sita. Nimeihamishia barazani, na kesho ninakwenda kutafuta mchanga wa mto.