Naomba ushauri: valvu za IST (1NZ-FE) zimebana, ninatumia gesi

Wakuu, habari za leo. Nina Toyota IST yenye injini ya 1NZ-FE, ninafanyia teksi hapa Dar, na nilifunga mfumo wa gesi asilia mwaka juzi. Sasa ikipata moto, kwenye foleni sailensa (injini ikinguruma gari limesimama) inatetemeka hadi kioo cha kati kinacheza, na mlimani haina nguvu. Plagi na koili nimebadilisha, hakuna nafuu.

Jana fundi alifungua kava injini ikiwa ya baridi kabisa, akapima nafasi ya valvu na fila geji (vibati vyembamba vya kupimia upenyo) mbele yangu. Valvu za kuingiza hewa ziko sawa, 0.20 mm. Za kutolea moshi zinatakiwa 0.25 hadi 0.35, lakini silinda ya 3 hata 0.10 ilipita kwa kulazimisha! Kelele sikusikia kabisa, na hilo ndilo linaniogopesha, maana valvu iliyobana hailii, inaungua kimyakimya.

Fundi anataka kusaga tapeti (vikombe vinavyokaa juu ya valvu) zipungue unene, ili nafasi iongezeke. Mimi ninaona tukisaga tutaondoa ule uso mgumu, na kemshafti (shafti inayozisukuma) itaumia. Mwingine anasema siti (sehemu valvu zinapokalia zikifunga) zimeliwa na gesi, tushushe hedi (kichwa cha injini).

Waliopitia hili: tapeti za unene tofauti mnazipata wapi? Nipime kwanza kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) ndipo niamue kuhusu hedi? Na ukitumia gesi, unapima valvu kila baada ya kilomita ngapi? Gari ndiyo inalisha nyumba, nimeipaki tangu jana.