Ujirani Mwema Chikongola: wapimaji wanakuja Jumamosi

Bi Somoe (mjumbe): Asalamu alaykum majirani. Jumamosi saa 2 asubuhi wahudumu wa afya watapima VVU pale mwembeni. Ni bure. Tujitokeze.

Mama Zubeda: Waalaykum salaam. Tumepokea bi mkubwa.

Baba Shamte: Mimi nilishapima. Mama Shamte alipimwa kliniki ana mimba ya huyu mdogo, akaambiwa yuko salama.

Halima (mhudumu wa afya): Shikamoo baba Shamte. Hapo aliyepima ni mama, wewe bado.

Baba Shamte: Marahaba. Tunalala kitanda kimoja, ningekuwa navyo si angekuwa navyo?

Halima: Si lazima. Kwenye hii kazi nawaona wengi, mmoja anavyo mwenzake hana, na wanaishi hivyo miaka. Tukiwawahi, mwenye virusi anaanza dawa, na vikifubaa hadi kipimo hakivioni, hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Tukichelewa ndiyo tunawakuta navyo wote wawili. Huyo mdogo ana miaka mingapi sasa?

Baba Shamte: Yuko darasa la pili.

Mama Zubeda: Misimu ya korosho mingapi hapo, na wanaume mnalala Tandahimba mwezi mzima

Bi Somoe (mjumbe): Mama Zubeda, hapana. Humu hatunyoosheani vidole.

Mama Zubeda: Nisameheni.

Juma fundi: Mimi naogopa ile foleni. Asubuhi nionekane, jioni niko mdomoni mwa watu kijiweni.

Halima: Kaka Juma nifuate pembeni, nikupe kipimo cha kujipima mwenyewe. Sheria iliruhusu tangu 2019. Usile wala kunywa robo saa kabla. Pitisha kijiti kwenye fizi ya juu mara moja, ya chini mara moja, kitumbukize kichupani, subiri dakika 20. Ikitoka mistari miwili huenda unavyo, ila hilo si jibu la mwisho, lazima zahanati wathibitishe kwa damu. Ukitoka mmoja kwenye alama ya C, kipimo hakijaviona; ila kama kuna jambo unalihofia ndani ya miezi 3 iliyopita, utarudia baadaye.

Juma fundi: Nakuja pembeni.

Babu Nangoma: Wajukuu, mpwa wangu tulimlaza chumba cha uani mwaka mzima, tunasema karogwa. Tuliuza mikorosho kulipa waganga. Dawa hizi hazikuwepo hapa. Leo mtu anameza kidonge kimoja kwa siku, anakwenda shamba, anazaa na mtoto anatoka salama. Mimi mwenyewe nitakuwepo hapo mwembeni, mzee hivi hivi.

Bi Somoe (mjumbe): Mungu amrehemu, babu. Namkumbuka.

Baba Shamte: Halima, wanandoa mnawapokea pamoja?

Halima: Ndiyo. Mkikubaliana mnaingia wote na majibu mnapewa mko wote. Hayatoki nje ya chumba.

Baba Shamte: Basi tutawahi saa 2 kamili, watu hawajajaa.

Mama Shamte: Saa 1 na nusu tuwe tumefika. Nina mihogo ya kupeleka sokoni.