Mrejesho: mtutu haukubadilishwa

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliuliza kama ningeweza kubadilisha mtutu wa Lee-Enfield Na. 4, bunduki kuukuu ya kijeshi ninayoimiliki kwa leseni, katika karakana yangu ya nyumbani hapa Kariobangi, kwa kuwa risasi zilikuwa zikitawanyika kwenye shabaha. Mlinionya kwamba kazi hiyo inaguswa na Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, nami nikaipeleka bunduki kwa fundi aliyesajiliwa.

Alianza na vipimo vya chemba, yaani pale risasi inapokaa, kwa sababu risasi ya .303 hushikiliwa na ukingo wa kitako chake, na nafasi ya ukingo huo kati ya komeo na chemba haipaswi kuzidi inchi 0.074; yangu ilikuwa salama. Mtutu nao, uliposuguliwa hadi kitambaa kikaacha kutoka na kijani cha shaba iliyoachwa na risasi, ulionekana mzima. Kasoro ilikuwa kwenye mti wa bunduki: sehemu ya mbele ilikuwa imepinda ikiusukuma mtutu upande mmoja, na pale palipogusana palikuwa na alama nyeusi, ndefu kama kidole. Alipunguza hapo kwa patasi, kidogo kidogo, kisha akapaka mafuta ya kitani.

Mashine ya kukereza niliyoikopea fedha kwa kazi ile ya mtutu sasa inachonga miguu ya stuli.