Tupeane uzoefu: tovuti ya kwanza, programu gani na hostingi (kukodi seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti) ipi ya bei nafuu?

FundiTudor: Tuweke hapa yanayomfaa anayeanza. Hatutaki kisa cha nani kalizwa na nani, twataka hatua na vipimo. Mfano uwe duka la kanga la Biashara Street, Mombasa: kurasa tano, picha arobaini, namba ya WhatsApp na ramani.

Naanza na jina la tovuti, yaani domeini, kwani ndilo linaloliza watu. Lisajili kwa akaunti yako mwenyewe. .co.ke ni ya biashara, .or.ke ya mashirika yasiyo ya faida, .me.ke ya mtu binafsi. Rejista ya majina ya .ke iko KeNIC, shirika linaloyasimamia, lakini wewe wanunua kwa mawakala wao. Fundi akisema "niachie mimi nisajili", jina laingia kwake, na mkikosana duka labaki mikononi mwake. Barua pepe ya usajili nayo isiwe ya domeini hiyohiyo. Jina likiisha muda, barua pepe inakufa nalo, na kiungo cha kubadilisha nywila kinatumwa kwenye sanduku lisilofunguka. Weka Gmail.

BintiMakupa: Kwa kurasa tano zisizobadilika, WordPress (programu ya kujengea tovuti) ni kujitwisha kazi: kila mwezi kuna masasisho, na usiposasisha wadukuzi wanaingia. Google Sites ni bure na yakubali domeini yako. Wix ni rahisi kupanga, ila kifurushi cha bure chaweka tangazo lao na hakikubali jina lako. Kubwa zaidi, tovuti ya Wix haihamishiki nzima kwenda seva nyingine. Ukihama, wajenga upya.

Mwembe_Tayari: Hapo nabisha, dada. Muuza kanga huingiza doti mpya kila mara. Sites haina duka la kulipia, wala haipangi bidhaa kwa bei. WordPress pamoja na WooCommerce, plagini (programu ya nyongeza) ya duka, inafanya yote mawili. Lakini msichanganye: wordpress.org wapakua bure na kuiweka kwenye hostingi yako, wordpress.com wanakuwekea wao. Mtu anafuata maelekezo ya .org akiwa kwenye akaunti ya bure ya .com, anatafuta pa kupakia plagini, hapaoni.

BintiMakupa: Kwa duka la kulipia, sawa, nimekubali.

FundiTudor: Hostingi sasa. Ile bei kubwa ya rangi nyekundu ni ya mwaka wa kwanza. Uliza ya mwaka wa pili, na kama VAT ya asilimia 16 imo. Uliza pia bakapu (nakala za akiba) ni za kila siku au la, na kurejesha kunalipiwa? Hostingi ya "bila kikomo" ina kikomo, tena mara nyingi kiko kwenye idadi ya mafaili, si GB. WordPress tupu haijazi hata MB 200, kwa hiyo GB 5 zatosha sana. Cheti cha SSL (kinachoipa tovuti https) usilipie. Cha Let's Encrypt ni bure, na hostingi nyingi hukihuisha zenyewe.

Mwembe_Tayari: Kwenye cPanel (ukurasa wa kuendeshea hostingi), ukifungua Softaculous (chombo cha kuwekea WordPress), tazama kisanduku cha folda. Kikiwa kimeandikwa "wp", kifute kiwe kitupu, la sivyo tovuti itafunguka dukalako.co.ke/wp na mbele kubaki ukurasa mtupu. Chagua https. Jina la mtumiaji lisiwe "admin". Na themu (mitindo ya sura ya tovuti) za kulipia zinazogawiwa bure Telegram, wallahi usiziguse, nyingi zina mlango wa nyuma wa kuingilia wadukuzi.

Kibokoni_Net: Watu husema nyaya za intaneti za baharini, TEAMS na SEACOM, zatua hapahapa Mombasa, kwa hiyo tovuti itakwenda mbio. Waya kutua Mombasa hakuileti seva yako Mombasa. Na kinachochelewesha zaidi ni picha. Picha ya simu ina MB 4. Arobaini ni MB 160, bando la mteja laisha kabla hajaona bei. Punguza upana uwe pikseli 1200, hifadhi kwa WebP au JPEG ya ubora wa 80. Nyingi zitashuka hadi KB 150 hivi, zote arobaini MB 6. Kanga ina nakshi nyingi, ikigoma kushuka iache KB 250. Ukibana zaidi, maandishi ya jina la kanga hayasomeki, na wateja huchagua kwa jina.

FundiTudor: Mkihama hostingi, nakilini rekodi za MX (zinazoelekeza barua pepe) kabla ya kubadilisha ns1 na ns2 (seva zinazoelekeza jina lako). Msiponakili, tovuti itafunguka vizuri huku barua pepe zikipotea kimya. Hostingi ya zamani msiifunge kabla ya saa 48.